Mlinzi Kama Msomaji: Uhakiki wa "The Cuckoo's Egg" cha Clifford Stoll

Kitabu cha Clifford Stoll kiitwacho "The Cuckoo's Egg" kilichapishwa Marekani mwaka 1989, na hata leo chaendelea kusomwa. Watu wafanyao kazi ya kuzilinda kompyuta za mabenki, vyuo na serikali hupeana kitabu hiki kama wapenzi wa ushairi wapeanavyo diwani, na mara nyingi mwenye kuanza kazi hiyo hushauriwa na waliomtangulia akisome. Aghalabu husifiwa kwa kuwa ni hadithi tamu ya kumwinda mwizi. Sifa hiyo ni ya haki, lakini nadhani ni ndogo kuliko ile kistahiliyo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba thamani yake imo katika jambo jingine, nalo ni hili: kitabu hiki chafundisha kwamba kazi ya mlinzi wa kompyuta, kabla ya kuwa kazi ya mitambo, ni kazi ya kusoma. Kisha nitaeleza mahali ambapo mwandishi ameshindwa kulifikisha somo lake mwenyewe mpaka mwisho, na baada ya hapo nitasema machache juu ya maneno ya Kiswahili ambayo kwayo mambo haya yanaelezwa leo, kwa sababu msomaji hawezi kusoma vema kwa maneno mabovu.

I

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 1986 Stoll, ambaye elimu yake ilikuwa ya nyota, alihamishiwa katika ofisi ya kompyuta ya maabara ya Lawrence Berkeley, California, kwa kuwa fedha za kazi yake ya kwanza zilikuwa zimekwisha. Siku zile kila aliyetumia kompyuta alitozwa kwa muda alioutumia, na hesabu zilifanywa na programu mbili mbalimbali. Alipokwisha kufika tu akapewa kazi ndogo, kama kazi ya kumjaribia mgeni: hesabu za programu hizo mbili zilitofautiana kwa senti 75, naye atafute sababu. Akaona kuwa kuna mtu aliyetumia kompyuta kwa muda wa sekunde 9, wala hakuna wa kulipa. Mtu huyo alikuwa na jina katika orodha, lakini hakuwa na anwani.

Kutokana na senti hizo 75 Stoll akaendelea kwa muda wa karibu mwaka mzima, akimfuata mgeni yule katika nyaya za simu za Marekani mpaka ng'ambo ya bahari, hata akajulikana kuwa ni kijana wa Hannover, Ujerumani, aitwaye Markus Hess, aliyekuwa akiiba habari za kijeshi ili ziuzwe kwa KGB, idara ya ujasusi ya Urusi ya Kisovieti. Hess alizijaribu kompyuta zipatazo 450 na akaingia katika zaidi ya 30. Mwaka 1990 yeye na wenzake walihukumiwa mjini Celle, wakapewa vifungo ambavyo havikutekelezwa. Kitabu kilikuwa kimekwisha kutoka kabla ya hukumu hiyo.

Jina la kitabu latokana na tabia ya kekeo. Ndege huyu hutaga yai lake katika kiota cha ndege mwingine, na mwenye kiota huliatamia kama lake. Hess alifanya vivyo hivyo. Katika kompyuta za Berkeley mlikuwamo programu moja ya kuhamisha barua, iliyopewa uwezo mkubwa mno, hata ikaweza kuweka faili mahali popote bila kuulizwa. Kwa njia hiyo Hess akaiondoa programu ndogo ambayo kompyuta huiendesha yenyewe kila baada ya dakika 5, akaweka yake mahali pake. Kompyuta ikaliatamia yai lile, na lilipoanguliwa mgeni akawa bwana wa nyumba. Mfano huu wa ndege haukuwekwa kwa pambo tu. Ndio unaoshika maelezo yote ya kitabu, na mtu asiyejua kompyuta kabisa atafahamu kwa huo jambo ambalo kurasa kumi za ufundi zisingemfahamisha.

II

Wanafunzi wa ulinzi wa kompyuta hufundishwa mambo matatu ya msingi, nayo ni kwamba habari zibaki siri kwa wasiohusika, zibaki nzima bila kugeuzwa, na zipatikane wakati zinapotakiwa. Mara nyingi mambo haya hukaririwa kama hesabu za kuzidisha, na anayeyakariri hana picha yoyote moyoni. Stoll hakuyaandika kama mafundisho, lakini kila moja limo katika kitabu chake kwa kisa chake. Siri ilivunjwa pale mgeni alipozisoma barua za watu na kuzinakili. Uzima ulivunjwa pale programu ya kompyuta ilipoondolewa na yai la kekeo likawekwa, kwa kuwa tangu saa ile kompyuta haikuwa tena ile ambayo wenyewe waliidhania. Kupatikana kwa habari kulivunjwa katika sura za mwisho, aelezapo jinsi programu iliyoachiwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, tarehe 2 Novemba 1988, ilivyojizalisha katika kompyuta kwa maelfu hata zikashindwa kufanya kazi, ijapokuwa haikuiba kitu.

Hali kadhalika, twaona humu tofauti ya mambo ambayo watu hupenda kuyachanganya. Hess alikuwa ni tishio. Programu ya barua iliyopewa uwezo wa kupita kiasi ilikuwa ni upenyo. Hatari ni kule kukutana kwa hayo mawili mahali penye kitu cha thamani. Tishio bila upenyo hupita njiani, na upenyo usiojulikana na mtu hukaa miaka mingi bila kudhuru. Mlinzi hana amri juu ya tishio, maana hakumzaa mwizi wala hawezi kumkataza asizaliwe. Amri yake ni juu ya upenyo. Na Stoll aonyesha bila huruma jinsi penyo nyingi zilivyokuwa za aibu. Mara nyingi Hess hakuhitaji ujanja wowote, bali alibisha mlango kwa majina yale ambayo kompyuta huja nayo kutoka kiwandani, na kwa maneno ya siri ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha. Mlango ulifunguka kwa sababu ufunguo uliachwa juu yake.

Lakini mafunzo hayo yapatikana katika vitabu vingi. Kilicho cha pekee katika kitabu hiki ni namna mwandishi anavyosoma.

Kwanza, alikataa kuidharau tofauti ndogo. Mhasibu mwingine angezilipa senti 75 kutoka mfukoni mwake, akaenda kulala. Stoll alijua kutokana na elimu ya nyota kwamba hesabu zikikosana kidogo tu, ama chombo ni kibovu ama mbinguni pana kitu ambacho bado hakijajulikana. Wenzetu wafanyao kazi ya kulinganisha miswada ya tenzi wanaijua vizuri njia hii. Silabi moja iliyozidi katika mshororo ndiyo imwambiayo mhakiki kuwa mkono wa pili umepita hapo. Aliyezoea kusema kwamba silabi moja si kitu hatagundua mkono huo kamwe.

Pili, aliandika. Zana zake zilikuwa duni kwa kipimo cha leo. Mwisho wa juma moja alizikusanya printa na mashine nyingine kutoka katika meza za wenzake, akaziunga na nyaya 50 za simu zilizoingia maabarani, akalala humo humo. Kila herufi aliyoipiga mgeni ikachapwa kwenye karatasi bila mgeni kujua. Kisha akafungua daftari akatia kila jambo pamoja na saa yake, hata mazungumzo ya simu, hata mambo ambayo hayakuwa na maana siku ile. Baadaye daftari hilo lilifaa kuliko printa zote, kwa kuwa walipokuja wakubwa wa idara mbalimbali na maswali yao, yeye peke yake alikuwa na majibu yenye tarehe.

Tatu, na hili ndilo litakalomfurahisha msomaji wa jarida kama hili, Stoll na wenzake walimtambua mgeni kwa lahaja yake. Siku zile mfumo uitwao Unix ulikuwa na matawi mawili makubwa, moja la Berkeley na jingine la kampuni ya AT&T. Mgeni alipotaka kuorodheshewa kazi zinazoendeshwa katika kompyuta, aliongeza katika amri yake herufi moja ambayo katika Unix ya Berkeley haina haja, lakini katika ile ya AT&T hutumika. Mfanyakazi mmoja wa maabara aliitazama karatasi, akasema kwamba mtu huyu si wa kwetu. Basi ni kama mtu aliyekuja Unguja akasema "mato" badala ya "macho", na "teka" badala ya "cheka". Hakutaja kwao, lakini kwao kumekwisha kujulikana. Herufi moja iliyoandikwa kwa mazoea, wala si kwa nia, ilimwondolea Stoll tuhuma juu ya wanafunzi wote wa mji wake.

Mambo hayo matatu, yaani kutoidharau tofauti, kuandika kila kitu na kuijua lugha ya anayeandika, ndiyo zana za mhakiki wa maandiko tangu zamani. Mitambo iliyokuja baadaye imeyaendeleza bila kuyafuta. Mwaka 1987 mtaalamu Dorothy Denning alieleza jinsi kompyuta yenyewe iwezavyo kufundishwa mwenendo wa kawaida wa kila mtumiaji, ikalia pale mwenendo huo ubadilikapo. Mwaka 1998 ilitoka programu ya Snort, ambayo huzichungua habari zipitazo katika mtandao na kuzilinganisha na alama za wezi wanaojulikana. Leo walinzi wanayo orodha kubwa ya shirika la MITRE iitwayo ATT&CK, ambayo imekusanya mbinu za wezi, tangu kuingia mpaka kutoroka, na kuzipanga kama kamusi ipangavyo maneno. Zote hizo ni namna za kusoma kwa haraka zaidi maandiko mengi zaidi. Lakini bado yuko mtu mwishoni mwa mstari ambaye hana budi kuamua kama tofauti ile ni kosa la hesabu au ni yai katika kiota.

III

Sasa nije kwenye kasoro.

Kasoro ndogo ni za mtindo. Stoll apenda kusema. Twasimuliwa habari za nyumba yake, za rafiki zake, za chakula, hata twapewa maelezo ya kupika biskuti. Wako wasomaji wanaoyapenda hayo na kusema kwamba yamempa mwandishi uso wa kibinadamu. Kwa maoni yangu baadhi yafaa na baadhi yazidi. Yafaa yale yanayoonyesha kwamba mlinzi ni mtu mwenye usingizi na mke, ambaye kifaa cha kumwitia kikilia usiku wa manane hana budi kupanda baiskeli. Yazidi yale yanayotiwa ili tumpende tu. Vilevile sura za mwisho, ambamo asimulia maisha ya vijana wa Hannover kwa habari za kusikia, zimelegea. Katika sehemu kubwa ya kitabu twamjua mwizi kwa herufi alizozipiga peke yake, na mwandishi hajidai kuujua moyo wake. Kiasi hicho ndicho kilichompa Hess utisho wake. Alipoanza kupewa jina, tabia na marafiki, akawa kijana mmoja tu kama wengine, na nguvu ya masimulizi ikapungua.

Kasoro kubwa ni mbili, nazo zahusu mawazo ya kitabu.

Ya kwanza ni swali la haki, ambalo mwandishi analigusa bila kulikalia. Stoll hakuufunga mlango. Tangu siku za kwanza alijua mwizi aingia wapi, na angaliweza kumtoa kwa saa moja. Alimwacha aendelee kwa miezi mingi ili apate kumfuata mpaka kwao, na katika miezi hiyo mwizi aliitumia nyumba ya Berkeley kama ngazi ya kuingilia nyumba za watu wengine. Ni kweli kwamba Stoll aliwapigia simu wenye nyumba hizo kuwaonya, na wengi walikuwa hawana habari kabisa. Ni kweli pia kwamba mwizi alipokaribia mambo ya hatari sana alimvuruga, kwa mfano kwa kuzitikisa funguo zake juu ya nyaya za simu ili zitoke kelele na mawasiliano yaharibike, mwizi asijue ni mtu aliyefanya hivyo. Hata hivyo, ni nani aliyempa mtu mmoja ruhusa ya kupima kwamba hasara ya jirani fulani leo ni ndogo kuliko faida ya kumkamata mwizi kesho? Na alipokuwa akimsoma mwizi, alikuwa pia akisoma barua za watu wasio na hatia ambazo mwizi alizifungua. Msomaji wa leo aona wazi kwamba huu ndio moyo wa kazi yote ya ulinzi, maana kila chombo cha kumwangalia mwizi ni chombo cha kuwaangalia wote wapitao. Stoll alikuwa mtu mwema, na kwa sababu hiyo swali limefunikwa na wema wake. Chombo kile kile mikononi mwa mtu mwingine, au serikali nyingine, lingekuwa jambo jingine.

Yapasa kumpa haki yake kwamba ameona upande mmoja wa jambo hili. Alipoanza alikuwa mtu wa Berkeley aliyeziogopa idara za upelelezi kuliko alivyowaogopa wezi. Alipomaliza alikuwa amefahamu kwamba mtandao wa kompyuta ni mtaa unaosimama kwa kuaminiana, na kwamba hasara ya kweli aliyoileta Hess si karatasi alizoziiba, bali ni kuwafanya majirani waanze kufunga milango. Badiliko hilo la moyo ndilo hadithi ya ndani ya kitabu, na limeelezwa kwa unyofu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwetu sisi. Kitabu kimemfanya mlinzi kuwa shujaa. Yuko mmoja aliye macho, na wengine wote wamelala. Idara ya upelelezi ya FBI ilimwambia kwamba senti 75 si hasara ya kuishughulikia, na nyingine zikataka kupewa habari bila kutoa msaada. Hayo ni ya kweli na yasimuliwa kwa ucheshi mwingi. Lakini msomaji akifunga kitabu hubaki na wazo kwamba ulinzi hupatikana nchi ikibahatika kuwa na Stoll. Mambo yaliyofuata yameonyesha vingine.

Nitatoa mifano miwili. Mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliibiwa habari za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Kampuni ilikuwa imenunua chombo cha kisasa cha kugundua wezi, na chombo kilifanya kazi yake: kilitoa onyo. Hapakuchukuliwa hatua kwa wakati. Mfano wa pili ni wa Februari 2016. Wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma amri za kutoa karibu dola milioni 951 kutoka katika akiba yake iliyokuwa New York. Printa iliyopaswa kuchapa kumbukumbu za malipo haikutoa kitu, kwa kuwa wezi walikuwa wameinyamazisha. Asubuhi yake wafanyakazi waliiona imesimama, wakadhani ni ubovu wa kawaida. Dola milioni 81 zikaenda Ufilipino. Malipo mengine ya dola milioni 20, yaliyokuwa yakielekea Sri Lanka, yalizuiwa njiani kwa sababu mtu mmoja wa benki aliona kwamba katika jina la shirika lililotakiwa kulipwa neno moja la Kiingereza limekosewa herufi.

Sijui mfano mwingine uelezao vizuri zaidi maana ya kitabu cha Stoll na upungufu wake. Printa ilimwokoa Stoll kwa kuwa alikaa karibu nayo akaisoma. Ya Dhaka ilinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ni habari kubwa kuliko maneno, lakini hakuna aliyekuwa na wajibu wa kukusoma. Na kilichookoa dola milioni 20 hakikuwa mtambo, bali jicho lililozoea tahajia. Haifai benki ya nchi itegemee jicho la bahati. Kusoma kumbukumbu lazima kuwe ni kazi yenye mshahara, yenye zamu za usiku na mchana, na yenye mtu wa kuulizwa asiposoma. Shujaa husoma kwa kuwa apenda, lakini ofisi husoma kwa kuwa imeamriwa, na nchi haiwezi kulala usingizi kwa mapenzi ya mtu mmoja.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, fedha za mkulima na za mama muuza samaki zapita katika kompyuta kama zilivyopita za matajiri. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikapata yake mwaka 2018. Sheria ni jambo jema, lakini humshughulikia mwizi aliyekwisha kuonekana. Sekunde 9 za Berkeley hazikuonekana na sheria yoyote. Zilionekana na mtu aliyekaa akalinganisha hesabu mbili.

IV

Ikiwa mlinzi ni msomaji, basi lugha anayosomea si jambo la kando. Maneno mengi ya kazi hii yamekwisha kuingia katika Kiswahili, na yapasa yapimwe kama maneno mengine.

Liko neno zuri sana, nalo ni "mdukuzi", lililotokana na "kudukua", yaani kusikiliza au kuchungulia mambo ya watu kwa siri. Uzuri wake ni kwamba halikuazimwa, na lina lawama ndani yake. Lakini kitabu cha Stoll chatukumbusha kwamba neno hilo lina makali pande mbili, maana naye alimdukua mdukuzi. Kiswahili kimelisema wazi jambo ambalo mwandishi alilipita upesi.

Yako mengine yasiyofaa. Wasemao "ukuta wa moto" wametafsiri neno kwa neno, na kwa sikio la Mswahili huo ni ukuta uwakao. Asili ya jina hilo ni ukuta ujengwao katikati ya nyumba ili moto wa nyumba moja usivuke kwenda ya pili. Basi ni ukuta uzuiao moto, na afadhali tuseme "ukuta wa kinga". Tofauti si ya mapambo tu. Mwanafunzi aliyeambiwa juu ya ukuta wa moto hudhani kwamba chombo hicho huunguza adui, kumbe kazi yake ni kuchagua kipitacho na kisichopita, na moto ukiwa umekwisha kuwa ndani hakina msaada.

Kadhalika, kuita hali ya habari kutogeuzwa "uadilifu wa data" ni kuipa karatasi sifa ya kadhi. Uadilifu ni wa mtu. Habari ambazo hazikuguswa ni nzima, na hali yao ni uzima. Tukisema "uzima wa habari", hata karani asiye na elimu ya kompyuta ataelewa kwamba kuna kitu kilichoweza kuugua.

Ama kwa habari ya daftari la matukio ambalo kompyuta hujiandikia yenyewe, wengi husema "kumbukumbu", na neno hilo halina kosa ila kwamba limebeba mizigo mingi. Mabaharia wetu walikuwa na neno "batli", yaani daftari la chombo pamoja na kipimo cha mwendo wake. Neno la Kiingereza litumikalo kwa kompyuta nalo limetoka baharini vivyo hivyo. Sioni kwa nini tusilirudishe letu. Nahodha asiyesoma batli yake hajui alipo, na mlinzi yu katika hali hiyo hiyo.

La mwisho ni lile la mtego. Katika Januari 1987 Stoll, kwa shauri la mwenzake wa nyumbani, alitunga faili nyingi za uongo zilizojaa maneno ya kijeshi, akaziacha mahali ambapo mwizi ataziona. Hess akashikwa na tamaa, akakaa zaidi ya saa nzima akizinakili, na muda huo ukatosha simu yake kufuatwa mpaka Hannover. Miezi michache baadaye ikaja barua kutoka Pittsburgh ya mtu aliyeomba apelekewe karatasi ambazo hazikuwako ila katika faili zile. Walinzi wa leo hukiita chombo cha namna hii kwa jina la chungu cha asali, na wako wanaolitafsiri hivyo hivyo. Lakini sisi tuna "ulimbo", ule utomvu upakwao juu ya tawi ili ndege akitua anate. Asali humvuta mwizi tu, bali ulimbo humshika kwa muda, na muda ndio Stoll alioutaka. Kwa kitabu ambacho jina lake ni yai la ndege, hakuna neno lililo karibu zaidi.

V

Kwa jumla, "The Cuckoo's Egg" ni kitabu kistahilicho kusomwa na watu ambao hawatafanya kazi ya kompyuta kamwe, na hasa wasomao kwa kazi, yaani walimu, wahakiki na wanahistoria, kwa kuwa chaonyesha elimu yao ikitumika mahali ambapo hawakuitazamia. Mwenye kukisoma kwa ajili ya kazi ya ulinzi na akisome pamoja na habari za Target na za Dhaka, ili asidhani kwamba ushujaa ni mpango. Na anayeajiri walinzi, kabla ya kununua chombo kipya, na aulize swali moja: batli za vyombo tulivyo navyo zinasomwa na nani, saa ngapi, na akiona hesabu imekosana kwa senti 75 atamwambia nani?